Siri ya mlima hutunzwa, hatari hutangazwa

Katika milima ya Teton, jimbo la Wyoming nchini Marekani, wapo watu wanaopanda kwa miguu saa kadhaa ili wateremke mara moja tu, kwa mbao za kutelezea, juu ya theluji ambayo haijaguswa. Huko hakuna lifti wala waokoaji wa doria. Anayejua bonde zuri humwonyesha rafiki, naye rafiki hatakiwi kulitangaza.

Siku hizi picha moja ya Instagram yenye jina la mahali huleta umati. Theluji huvurugwa asubuhi moja, maegesho ya Teton Pass hujaa, na wageni hufika bila kuujua mteremko. Mwaka 2018 bodi ya utalii ya Jackson Hole iliwaomba wageni wasitaje mahali hasa walipopigia picha.

Adabu yenyewe ni fupi: muulize aliyekupeleka kabla ya kuweka picha, taja eneo kwa ujumla, mgeni mpeleke mwenyewe.

Lakini siri ina mpaka. Anayeona theluji ikipasuka au kuporomoka hupeleka habari kituo cha tahadhari, kwa kuwa aliyefukiwa asipofukuliwa ndani ya dakika 15 hivi, matumaini hupungua haraka.

Mfanyabiashara wa mpakani anaielewa sheria hii. Hataji anakochukua mzigo kwa bei nzuri. Daraja likikatika, huwapigia simu hata washindani wake.