Pumzi nayo ina misuli yake

Mtazame mkulima wa Bariadi wakati wa kunyunyizia pamba dawa. Amebeba bomba mgongoni. Bomba la lita 16 likijaa, uzito wake unapita kilo 16. Anakwenda mstari hadi mstari. Mwisho anasimama, anainama, anashika magoti na kuhema.

"Pole na kazi, baba. Umechoka wapi?"

"Ahsante, mwanangu. Miguu imekwisha."

Ni kweli miguu imechoka. Lakini mbona anahema? Na mbona ameshika magoti? Akishika magoti, mabega yake yanapata pa kuegemea, na misuli ya kifua inapata nafasi ya kuvuta mbavu. Basi si miguu peke yake iliyochoka. Misuli ya pumzi nayo imechoka.

Watu wengi hudhani mapafu yanavuta hewa yenyewe. Sivyo. Mapafu ni kama mfuko wa mvukuto wa mhunzi. Mfuko haujifungui wenyewe, hufunguliwa na mkono wa mhunzi. Katika mwili wa mtu, mkono huo ni misuli. Msuli mkubwa kuliko yote ya pumzi huitwa kiwambo, kwa sababu umewambwa kati ya kifua na tumbo kama ngozi ya ngoma. Ukichinja mbuzi utakiona kiwambo chake. Ni ile nyama nyembamba inayotenga mapafu na ini. Kiwambo kikishuka, hewa huingia na tumbo hutokeza nje. Kikirudi juu, hewa hutoka. Misuli iliyo kati ya mbavu husaidia.

Mtu mzima akikaa kimya huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kila mara huvuta kama nusu lita ya hewa. Kwa hiyo kwa dakika moja anatumia lita 6 hadi 10. Akifanya kazi ngumu sana, hewa hiyo inaweza kupita lita 100 kwa dakika. Hiyo ni kazi kubwa kwa misuli. Mwaka 2025 Mtanzania mwenzetu, Alphonce Simbu, alipata dhahabu ya dunia katika mbio za marathoni mjini Tokyo, nchini Japani. Alikimbia kilomita 42 kwa saa 2 na dakika 9 na zaidi. Tukisema mkimbiaji wa namna hiyo anavuta pumzi mara 40 kwa dakika, basi amevuta zaidi ya mara 5,000, na kiwambo hakikupumzika hata kidogo.

Misuli ya pumzi ikichoka sana, mwili hufanya jambo la ajabu. Hupunguza damu inayokwenda miguuni ili misuli ya pumzi ipate ya kutosha. Pumzi haiwezi kusimama, lakini miguu inaweza. Ndiyo maana mtu mwenye pumzi dhaifu huhisi miguu mizito.

Je, misuli hii inaweza kuzoezwa kama misuli ya mkono? Inaweza. Wataalamu wa Uingereza walitengeneza kifaa kidogo cha kuwekwa mdomoni. Ndani yake mna springi inayozuia hewa, na mtu huvuta kwa nguvu kuishinda. Kawaida ni kuvuta mara 30 asubuhi na mara 30 jioni. Mwaka 2002 waliandika habari za waendesha baiskeli waliofanya hivyo kwa wiki 6. Katika mwendo wa kilomita 40 walipunguza muda wao kwa sehemu 4 na nusu hivi katika kila 100. Kwa safari ya saa moja, hizo ni dakika mbili na kitu. Kwa mshindani ni nyingi. Kwa anayepeleka gunia mnadani si hoja.

Faida kubwa zaidi iko kwa wagonjwa. Ng'ambo ya Ziwa, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, walikuwapo watu waliopona kifua kikuu lakini mapafu yao yakabaki na makovu. Walihema kwa kutembea kidogo tu. Walifanyishwa mazoezi ya mwili na kufundishwa kutawala pumzi, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6. Habari zao zilitangazwa mwaka 2017. Makovu hayakuondoka, lakini walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo.

Huna haja ya kutafuta kifaa. Lala chali juu ya mkeka, ukunje magoti. Legeza mkanda au kanga. Weka mkono mmoja tumboni na mwingine kifuani. Vuta hewa kwa pua, ukihesabu moja, mbili. Mkono wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie. Kisha toa hewa polepole kwa midomo iliyokaribiana, kama unavyopuliza kaa la moto bila kurusha majivu. Hesabu hadi nne. Fanya dakika 5, asubuhi na jioni. Ukiona kizunguzungu, acha upumzike. Ukizoea, fanya ukiwa umekaa, halafu ukitembea.

Zoezi hili hufundisha kiwambo kufanya kazi vizuri. Nguvu zaidi huja kwa kupanda mlima, kuendesha baiskeli na kukimbia. Mchakamchaka wa shuleni ni zoezi jema sana, maana mtoto hukimbia huku akiimba. Ukishindwa hata kusema maneno mawili, punguza mwendo.

Usijizibe pua na mdomo kwa kitambaa kizito ukidhani unafanya mazoezi. Wala usivute pumzi ndefu wakati wa kunyunyizia dawa ya pamba. Wakati huo jikinge na dawa.

Misuli yenye nguvu haiondoi moshi wa jikoni wala vumbi la kiwandani, na haitibu kikohozi. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, au kifua kikiuma, nenda zahanati kwanza. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida humezwa miezi 6. Mazoezi yafuate ushauri wa mganga.

Ukitaka kujua kama unaendelea, hesabu mara unazosimama kupumzika kutoka kisimani hadi nyumbani. Andika katika daftari. Baada ya wiki 6, hesabu tena kwa ndoo ile ile.