Harvey Miller: wakili aliyekimbiliwa na kampuni zilizolemewa na madeni

Usiku wa kuamkia tarehe 15 mwezi wa 9 mwaka 2008, mawakili kadhaa wa New York hawakulala. Banki Lehman Brothers, yenye madeni ya zaidi ya dola bilioni 600 na wafanyakazi karibu 25,000, ilikuwa inaanguka. Kabla ya mapambazuko, ombi lake lilikuwa limefika mahakamani. Aliyeongoza kazi hiyo ni Harvey Miller, mzee wa miaka 75.

Miller alizaliwa mwaka 1933, akamaliza masomo ya sheria kwenye chuo kikuu cha Columbia mwaka 1959. Wakati ule, ofisi kubwa za mawakili zilidharau kesi za kufilisika. Waliozishika walionekana kama wachimba kaburi: kampuni imekufa, wao wanakuja kugawa mabaki. Mwaka 1969 aliingia katika ofisi ya Weil, Gotshal & Manges na kuanzisha humo kitengo cha kesi hizo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 ilibadili mambo. Kwa sura yake ya 11, kampuni ikishaomba ulinzi wa mahakama, wadai wanasimamishwa. Kwa kawaida viongozi wake wanabaki kazini na kupewa muda wa kupanga namna ya kulipa, kisha wadai wanapigia mpango huo kura.

Kampuni ya mafuta Texaco ilipita njia hiyo mwaka 1987. Mahakama ya Texas ilikuwa imeiamuru kulipa Pennzoil zaidi ya dola bilioni 10. Mafuta yake yalikuwa yanauzwa vizuri. Kilichoikaba ni hukumu hiyo moja. Ikiwa na Miller kama wakili, ilipatana na Pennzoil kwa dola bilioni 3, ikatoka mahakamani mwaka uliofuata.

Lehman haikuwa na bahati hiyo. Miller aliieleza baadaye tume ya uchunguzi kwamba aliwaonya wakubwa wa serikali kuwa hatua hiyo ingeleta maafa. Bryan Marsal, aliyekabidhiwa kusimamia mabaki ya banki hiyo, alikadiria kuwa hadi dola bilioni 75 za thamani zilipotea kwa kuingia mahakamani bila maandalizi.

Miezi michache baadaye ilifika zamu ya General Motors. Kampuni hiyo ya magari iliingia mahakamani tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2009, mpango ukiwa tayari na serikali ikiwa imekubali kutoa pesa. Siku 40 tu zikapita, kampuni mpya ikaanza kazi. Lakini haikuwa furaha kwa wote: viwanda vilifungwa, maelfu ya watu walipoteza kazi, na hisa za zamani zikabaki bure.

Mawakili nao walilaumiwa. Malipo yao katika kesi ya Lehman yalifikia mamia ya mamilioni ya dola, yakitoka katika mali ileile ambayo wadai walikuwa wanaingojea. Miller alifariki mwaka 2015, akiwa na miaka 82, kesi hiyo ikiwa bado haijafungwa.

Njia kama hiyo ipo pia DRC, nchi mwanachama wa OHADA tangu mwaka 2012. Sheria ya OHADA iliyorekebishwa mwaka 2015 inaruhusu kampuni yenye shida kutafuta mapatano na wadai kabla haijashindwa kulipa. Ikishashindwa, mkubwa wake ana siku 30 za kutangaza hali hiyo mahakamani, na mahakama inaamua kama inaweza kuinuliwa au mali yake iuzwe.

Wafanyabiashara wengi huogopa mlango huo kwa sababu ya aibu. Lehman na General Motors zote mbili ziliupita, wakili wao akiwa yuleyule. Iliyojiandaa iliendelea kutengeneza magari. Nyingine ikagawanywa vipande.