Kokoto za Reli Ndogo: Mawe na Gundi Vilivyo Karibu Nasi

Atazamaye treni ikipita hutazama kichwa chake, mabehewa yake na wasafiri waliochungulia madirishani. Ni wachache watazamao chini, kwenye kokoto zilizolala kati ya mataruma. Hata hivyo kokoto hizo ndizo zishikazo reli isihame mahali pake, ziusambazao uzito wa treni juu ya ardhi, zipitishazo maji ya mvua upesi na kuyazuia majani yasiote njiani. Zikiondoka, reli iliyogharimu mamilioni hugeuka kuwa vyuma vilivyopinda tu.

Leo tunakusudia kusema juu ya kokoto hizo zikiwa katika umbo dogo kabisa, yaani zile zitandazwazo kwenye reli za mfano, ambazo vijana na watu wazima huziunda juu ya mbao mezani. Tumechagua kulisema jambo hili kutoka Rusizi II, kusini-magharibi ya Rwanda, mahali ambapo mto Rusizi unateremka kutoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Huenda msomaji akauliza: reli na Rusizi zina uhusiano gani, iwapo Rwanda haina reli hata leo?

Uhusiano upo. Ziwa Kivu liko kimo cha mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika lipo chini yake kwa mita karibu 700. Sehemu kubwa ya mteremko huo imo katika mabonde membamba ya kilomita za mwanzo, na kwa sababu hiyo ndipo vilipojengwa vituo vya umeme. Kituo cha Rusizi II kilianza kazi mwaka 1989, kikiwa mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Basi mteremko uletao umeme ndio uliokuwa kikwazo cha reli. Zamani za utawala wa Wabelgiji ilijengwa njia ya reli kutoka Uvira, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kupanda bonde la Rusizi hadi Kamanyola, mwendo wa kilomita zipatazo 90. Nia ilikuwa kuyaunganisha maziwa hayo mawili. Lakini njia ilikoma pale milima inapoanza, ng'ambo tu ya Bugarama, na shehena ikapandishwa Bukavu kwa magari. Reli hiyo ilifungwa kabla ya Kongo kupata uhuru mwaka 1960.

Kwa hiyo mtoto wa Rusizi anayetaka kuijua reli hana stesheni ya kwenda kuitazama. Njia iliyokuwa jirani yake imekwisha kung'olewa, na reli ya kutoka Isaka kwenda Kigali, ambayo wakuu wa Tanzania na Rwanda waliizungumza tena mnamo Januari 2018, bado haijamfikia. Njia iliyo wazi kwake ni kuijenga kwa mikono yake mwenyewe, ndogo lakini sahihi.

Usahihi huanza na kipimo. Wengi wa waundaji duniani hutumia kipimo cha moja kwa themanini na saba. Reli ya zamani ya Tanzania ina upana wa milimita 1,000, na ile ya TAZARA milimita 1,067. Kwa kipimo hicho zote mbili huwa kama milimita 12. Reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma, yenye milimita 1,435, huwa milimita 16 na nusu. Sasa tuzigawe na kokoto. Jiwe la reli halisi huwa aghalabu kati ya milimita 30 na 60. Likigawanywa kwa 87 hupatikana punje ya thuluthi moja hadi thuluthi mbili za milimita. Punje hiyo ni ya mchanga, wala si ya changarawe. Kosa la kwanza la waanzao ni kutandaza vijiwe vikubwa, na reli yao ikaonekana kana kwamba imelazwa juu ya majabali.

Je, ni mchanga gani? Mchanga wa mtoni hupatikana kwa urahisi, lakini mto huviringisha punje zake mpaka zikawa laini kama shanga. Punje za mviringo huteleza, hazishikani. Mhandisi wa reli halisi huukataa mviringo kwa sababu hiyo hiyo, naye huagiza mawe yaliyopasuliwa yenye kona kali. Nchi ya Cyangugu na Bukavu imejaa mawe meusi ya volkano. Unga mkavu na chembechembe zibakizo pale mawe hayo yanapopondwa kwa ujenzi ni hazina kwa mwundaji, nao mara nyingi hutupwa. Mawe ya chokaa ya Bugarama, ambayo hutengenezewa saruji, hutoa punje nyeupe-kijivu. Lakini ni laini na huacha vumbi jingi.

Punje zikipatikana huchekechwa mara mbili. Kwanza hupitishwa katika kipande cha chandarua ili vijiwe vikubwa vibaki juu. Kisha zilizopita huchekechwa tena kwa kitambaa chembamba cha soksi ndefu ya nailoni, ambacho huliondoa vumbi. Zinazobaki juu ya kitambaa ndizo zitakiwazo. Hapana budi kuzifunika pua na mdomo wakati wa kuchekecha, kwani vumbi la mawe hudhuru mapafu. Baada ya hapo punje huoshwa mpaka maji yatoke meupe, zikaanikwa juani. Vumbi lisipoondoka, gundi italigeuza tope.

Lipo jaribio moja ambalo mtumiaji wa mawe ya volkano asilisahau. Mawe hayo huwa na chembe za chuma. Ifunge sumaku katika karatasi na uipitishe polepole juu ya punje zilizokauka. Zile zirukazo na kunasa zitupwe, maana zikibaki zitavutwa na sumaku iliyomo ndani ya injini ya treni ya mfano na kuisaga meno yake.

Sasa tuje kwenye gundi. Ifaayo kuliko zote ni gundi nyeupe ya maseremala, inayouzwa madukani pamoja na misumari na rangi. Huchanganywa kwa maji, kiasi kwa kiasi, au maji yakizidi kidogo, na kutiwa tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni hiyo ina maana kubwa: bila yake gundi hujikusanya juu ya punje kama umande juu ya jani la yungiyungi, isipenye chini. Asiye na gundi hiyo aweza kutumia gundi ya mgunga iliyoloweshwa, ingawa hukauka ikawa rahisi kupasuka. Uji wa wanga wa muhogo nao hushika, lakini katika nchi yenye unyevu kama hii huota ukungu na kuwaita wadudu. Gundi ya washona viatu haipenyi, na harufu yake ni hatari chumbani. Gundi zile zikaukazo kwa nukta chache hugandisha vidole kabla ya kugandisha kokoto.

Wapo watakaosema: saruji ipo Bugarama, kwa nini tusiinyunyize na kuimwagia maji? Tunawashauri wasifanye hivyo. Saruji huunguza ngozi na macho, na ikishashika haiachi. Reli iliyokosewa haitang'oka ila kwa nyundo. Gundi nyeupe, kinyume chake, hulegea ikiloweshwa kwa maji ya moto, na kazi ikaanza upya.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kokoto kavu humwagwa katikati ya reli, zikasawazishwa kwa brashi laini mpaka zikae chini kidogo ya uso wa mataruma. Pale reli zinapogawanyika ziwe chache sana, ili vipande viendavyo visigande. Hufuata kunyunyiza maji yenye spiriti kidogo kama ukungu, zikalowa zote. Ndipo gundi idondoshwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, mpaka weupe wake uonekane kati ya punje. Iachwe siku nzima na usiku wake bila kuguswa.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Mita moja ya reli ya milimita 12, tandiko likiwa na upana wa sentimita 4 na kina cha milimita 3, haizidi nusu kikombe. Hivyo hakuna sababu ya kuchimba kingo za mto Rusizi, ambazo udongo wake ukiporomoka huishia kwenye mabwawa ya umeme. Wala ya kuokota kokoto kwenye njia ya treni ifanyayo kazi, mahali popote zilipo.

Tunalisisitiza hilo la mwisho kwa sababu tumekwisha kuona nini hutokea kokoto zikiondoka. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yaliukumba mkondo wa Reli ya Kati, yakalichukua tuta na kuziacha reli zikining'inia. Safari zikasimama kwa miezi, na abiria wa Kigoma, Tabora na Mwanza wakajua thamani ya jiwe lililowekwa mahali pake.

Kijana aliyechekecha, akaosha na kugandisha mita moja ya kokoto kwa mkono wake amejifunza hayo bila kungoja mafuriko. Siku reli itakapofika nchini mwake, atakuwa miongoni mwa wachache watakaotazama chini, na kuuliza swali lipasalo kuulizwa: jiwe hili limepasuliwa wapi, na maji yatapitia wapi?