Kwa nini kaseti ya Simba ilikuwa inapotea dukani?

Simba, Rafiki, Pumbaa: majina ni ya Kiswahili, lakini filamu ni ya kampuni Disney ya Marekani. The Lion King ilitoka kwenye sinema mwaka 1994, kaseti ikafuata 1995. Halafu kampuni ikaiondoa madukani. DVD ikaja 2003, nayo ikaondolewa 2005.

Ulikuwa mpango wa biashara: kuuza kwa muda mfupi, kufungia miaka kadhaa, watoto wengine wazaliwe, wazazi wakimbilie kununua. Tangu 2019 Disney inaonyesha filamu hizo kwenye intaneti.

Kwa hiyo, kama hapa Likasi mtu anakuuzia kaseti hiyo kwa bei kali akisema ni adimu, usidanganyike. Ziliuzwa zaidi ya milioni 30. Kufungiwa si kuisha.