Mkwaruzo wa Gari: Jua Kina Chake Kwanza

Mwenye gari akikuta mkwaruzo mlangoni, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili: ananunua polishi na kusugua kwa nguvu zake zote, au analipeleka gari gereji na kukubali mlango mzima upigwe rangi upya. Yote mawili yanaweza kuwa sahihi, na yote mawili yanaweza kuwa hasara. Kinachoamua ni kina cha mkwaruzo, si urefu wake.

Rangi ya gari haina tabaka moja. Kiwandani, chuma hupakwa kwanza praima ya kuzuia kutu, kisha praima ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi na mionzi ya jua. Matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na unywele mmoja au miwili. Klia peke yake haifiki hata nusu ya hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kushika msasa, osha sehemu hiyo na uikague. Ilowanishe maji: mkwaruzo ukipotea, kisha ukarudi panapokauka, umeishia kwenye klia. Pitisha ukucha kwa kukatisha mkwaruzo: ukikwama, jeraha limezama zaidi. Ukiona ukijivu au weupe usiofanana na rangi ya gari, umefika kwenye praima. Ukiona chuma kinametameta au wekundu wa kutu, umefika mwisho.

Mkwaruzo wa klia unaweza kuuondoa mwenyewe. Tumia polishi ya kukwangua na kitambaa laini, gari likiwa kivulini na bodi imepoa. Usipotoka, tumia msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kwa mkono mwepesi na maji mengi, halafu rudia polishi. Kaa mbali na kingo za mlango na boneti, kwa sababu rangi huwa nyembamba hapo. Kumbuka kwamba hujazi mkwaruzo, bali unapunguza klia iliyouzunguka mpaka vilingane. Klia iliyoondoka hairudi, na ikiisha, jua litapausha rangi. Ndiyo maana steelwool ya jikoni na msasa wa mbao havifai kamwe.

Mkwaruzo uliofika kwenye rangi au praima unahitaji rangi ya gari lako hasa. Usikisie kwa macho. Tafuta kibao cha chuma au stika ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, usome namba ya rangi. Kwenye Toyota, kwa mfano, 040 ni nyeupe ya kawaida, na 070 ni nyeupe ya lulu. Kwa mbali zinafanana, lakini ya lulu hupigwa kwa hatua tatu: nyeupe ya chini, koti la lulu, kisha klia. Fundi asipoijua tofauti hiyo, mlango hautafanana na ubavu wa gari. Kwa alama ndogo, paka kwa brashi nyembamba, koti jepesi baada ya jingine, ukingoja kila moja likauke.

Mkwaruzo uliofika kwenye chuma usiuache. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huanza, na chumvi huiharakisha. Anayeegesha gari karibu na bahari Tanga, Mombasa au Unguja ana muda mfupi kuliko aliye Dodoma. Kutu iondolewe yote, praima ya kuzuia kutu ipakwe, ndipo puti na rangi zifuate. Puti hunywa maji. Ikisuguliwa kwa maji na kufunikwa kabla haijakauka sawasawa, baada ya miezi rangi itavimba. Bampa za plastiki hazipati kutu, ila zinahitaji praima yake, la sivyo rangi itabanduka.

Kazi ya kupuliza rangi mwachie fundi mwenye vifaa. Klia nyingi za gereji huchanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha) yenye kemikali inayoweza kusababisha pumu, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Fundi avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na watoto wasikae karibu.

Unapofika gereji, uliza mambo matatu: mkwaruzo umefika tabaka gani, namba ya rangi ni ipi, na kama kuna chuma kilicho wazi, kitapakwa praima gani. Fundi mzuri atakujibu akikuonyesha kwa kidole. Asiyeweza kujibu, usimwachie gari lako.