Shule ya kimataifa: kabla ya kulipa, uliza mutihani wa mwisho ni wa nani

Kila mwaka, matokeo ya mutihani wa mwisho wa primere yakiisha kutoka, swali moja linarudia mu nyumba nyingi za Kamina: mutoto aendelee wapi? Wenye kupata kidogo, wafanyabiashara, wafanyakazi wa reli, wenye kuwa na ndugu ku Lubumbashi ao ku Ulaya, wanasikia jina la "shule ya kimataifa" na wanaanza kupiga hesabu. Mwengine anauza kiwanja. Jamaa ingine inaunganisha feza ya wajomba na washangazi wote juu ya mutoto mumoja mwenye akili.

Hatari yenyewe ni hii: mutoto anaweza kusoma miaka mitatu ao ine mu shule ya bei kali, kisha feza inaisha katikati, ao shule inafika mwisho wa madarasa yake, na mutoto anarudi nyumbani bila karatasi yenye kumufungulia mulango hata mumoja. Mara nyingi inafika hivi juu wazazi waliuliza bei, wakaangalia majengo na uniforme, lakini hawakuuliza mutihani wa mwisho.

Jina "kimataifa" halina mulinzi

Hakuna sheria ya dunia yote inayosema shule gani inaweza kujiita ya kimataifa na gani haiwezi. Mutu anaweza kuandika neno hilo ku ukuta. Hapa kwetu, shule ya mutu binafsi inapashwa kuwa na ruhusa ya Serikali, ile tunaita agreman. Karatasi hiyo ni ya lazima na muzazi ana haki ya kuiuliza. Lakini agreman inasema tu kama Serikali ya Kongo imeruhusu shule kufundisha. Haisemi kama diploma yake itapokelewa inje.

Wazazi wa Kamina wakitafuta, watakutana na aina tatu za shule.

Ya kwanza ni shule zenye kufwata programu ya inchi ingine. Ku Lubumbashi kuko shule ya Ufaransa Blaise Pascal, na kuko Shule ya Ubelgiji, inayofwata programu ya Wallonie-Bruxelles. Ku Kinshasa kuko Lycée René Descartes ya Ufaransa, Lycée Prince de Liège ya Ubelgiji, na shule ya Waamerika inayoitwa TASOK, iliyoanza mwaka wa 1961.

Ya pili ni shule za Kiingereza. Ku Lubumbashi kuko The English Speaking School of Lubumbashi, watu wanaiita TESOL. Jamaa zingine za Katanga zinavuka Kasumbalesa na kupeleka watoto Zambia, ku Kitwe na ku Ndola, kwenye shule kama Lechwe na Simba, zinazojulikana kwa mitihani ya Cambridge.

Ya tatu ni shule za programu ya Kongo zenye kuongeza masaa ya Kiingereza na ordinatere, na kujiita za kimataifa. Zinaweza kuwa nzuri kabisa. Lakini muzazi ajue kama mutoto wake, mwisho, atafanya Egzetat sawa watoto wengine wote wa inchi. Kama bei ni mara kumi ya shule ya wamisionere, aulize anaongezewa nini.

Mutihani wa mwisho: karatasi sita tofauti

Egzetat tunaijua. Inafanyika tangu mwaka wa 1967. Mutoto anaanza na ile ya inje ya sesio, ambamo kuko disertasio, kisha anafanya siku ine za sesio yenyewe. Anayepata 50 kwa mia amepita, na asilimia yake inaandikwa ku diploma. Iniversite za Kongo zinaifahamu bila maelezo.

Bakalorea ya Ufaransa ni diploma ya Serikali ya Ufaransa, hata kama mutoto ameifanyia Lubumbashi. Kupita kunaomba 10 ku 20. Lakini neno la kuangalia ni "omologasio". Kila mwaka Serikali ya Ufaransa inatangaza liste ya shule za inje ambazo inazitambua, na inazitambua kufwatana na madarasa. Shule inaweza kuwa na omologasio ya primere na ikose ya sekondere. Muzazi asiishie kusikia "sisi tuko omologe", aulize: mpaka darasa gani?

Mwisho wa programu ya Ubelgiji kuko CESS, diploma ya sekondere inayofungua mulango wa iniversite za Ubelgiji.

Cambridge inapima kwa hatua mbili. Ya kwanza inaitwa IGCSE, mutoto anaifanya karibu na miaka 16, somo kwa somo. Ya pili ni A Level, karibu na miaka 18. Kazi za mitihani hiyo zinasahihishwa na watu wa Cambridge, hapana mwalimu wa shule peke yake, na ndiyo nguvu yake. Hapa ndipo wazazi wengi wanaanguka: IGCSE siyo mwisho. Iniversite nyingi zinazopokea Cambridge zinaomba A Level. Shule ikiishia ku IGCSE, muzazi atapashwa kutafuta shule ingine ya miaka miwili, pengine mbali zaidi na ya bei zaidi. Afazali kujua siku ya kwanza.

IB, ao Bakalorea ya Kimataifa, ilianzishwa ku Geneva mwaka wa 1968. Diploma yake ya miaka miwili ya mwisho inajulikana kwa ugumu: masomo sita, kila moja linapewa pointi 1 mpaka 7, kuongeza kazi ya utafiti ya maneno 4.000 yenye mutoto anaandika yeye mwenyewe. Pointi za juu kabisa ni 45, na kupita kunaanzia 24, pamoja na masharti mengine.

Diploma ya Waamerika ni tofauti. Inatolewa na shule yenyewe, hakuna mutihani mumoja wa Serikali. Kwa hiyo uzito wake unategemea kama shule imekaguliwa na kukubaliwa na shirika la Marekani lenye kujulikana, na kama mutoto amefanya mitihani ya kuongezea kama SAT ao AP.

Kuhakikisha si vigumu hata ukiwa Kamina na telefone ndogo. IB na Cambridge zina liste ya shule zao ku intaneti, na Ufaransa vilevile. Shule inayofanyisha mitihani ya Cambridge iko na namba yake ya senta. Prefe asiyeweza kuonyesha namba hiyo, ao anayesema "tuko karibu kuipata", muzazi amwambie: "Asante, Papa Prefe, mukiisha kuipata mutanijulisha."

Kama mutoto atarudi kusoma Kongo

Si kila mutoto atapanda ndege. Wengi watarudi kutafuta nafasi ku Iniversite ya Lubumbashi, ku Kamina hapa, ao ku Kinshasa. Mwenye diploma ya kigeni anapashwa kuomba ekivalansi kwa wizara, ni kusema karatasi inayosema diploma hii ni sawa na ile ya Serikali ya Kongo. Inaomba wakati, feza na karatasi kamili. Kwa hiyo bulteni za kila mwaka zichungwe, hata zile za primere ya Kamina. Karatasi za Kiingereza zitaomba kutafsiriwa kwa Kifaransa.

Na mwenye kuacha programu ya kigeni katikati asizani ataingia tu mu mwaka wa mwisho wa umanite na kufanya Egzetat. Shule itamuuliza bulteni za miaka iliyopita, na opsio yake inapashwa kuonekana mule. Kama kuna mashaka juu ya feza, kubadilisha programu ku ya sita primere ao kisha ya mnane ni afazali kuliko kubadilisha mutoto akiwa na miaka 16.

Hesabu ya feza mpaka mwisho

Shule inasema bei ya mwaka mumoja. Muzazi anapashwa kupiga hesabu ya miaka yote. Tuchukue mufano tu: shule inaomba dola 3.000 kwa mwaka, na mutoto amebakisha miaka sita. Hiyo ni dola 18.000, mbele ya kuhesabu interna, chakula, vitabu, uniforme, safari za likizo na feza ya kuingia inayolipwa mara moja na hairudi. Mitihani ya mwisho nayo ina bei yake pembeni, na Cambridge inalipwa kwa kila somo.

Bei hizo ziko mara nyingi kwa dola. Mwenye kulipwa kwa franga anajua maana yake: mushahara unabaki pale pale, dola inapanda. Na kutoka Kamina kuko ile ya njia. Treni inachelewa, barabara inaharibika wakati wa mvua, na mutoto hawezi kurudi nyumbani kila wiki. Jamaa isiyoweza kuona feza ya miaka miwili mbele yake, bila kuhesabu ahadi ya ndugu, afazali ingojee.

Ugumu wa shule unaonekana wapi?

Wazazi wengi wanapima ugumu kwa Kiingereza cha mutoto ao kwa uzito wa sakoshi. Alama za kweli ziko fasi zingine. Shule itaonyesha matokeo ya watoto wote wa mwaka uliopita, ama itaonyesha tu picha ya yule wa kwanza? Wangapi walianza darasa lile, na wangapi walifika mutihani? Shule ingine inatoa matokeo mazuri juu inafukuza wazaifu mwaka mumoja mbele. Walimu wa sayansi na hesabu wanakaa miaka ngapi? Laboratware inatumiwa, ao imefungwa na kufuli? Omba kuona kaye za watoto wa darasa lile. Kaye yenye masahihisho ya mwalimu kila wiki inasema mengi kupita ukuta wenye rangi mupya.

Kisha kuko upande wa mutoto mwenyewe. Mutoto wa Kamina anakuja na Kiluba, Kiswahili na Kifaransa cha shule. Akiingia mu programu ya Kiingereza akiwa na miaka 13, atakuwa na miaka mitatu tu mbele ya IGCSE, na atajifunza lugha na fizike kwa wakati mumoja. Wengine wanaweza, wengi wanaumia. Shule ya kweli itamupima hesabu na lugha mbele ya kumupokea, na pengine itasema arudie darasa moja. Hiyo si matusi. Shule inayopokea kila mutoto siku ile ile feza inaonekana ndiyo ya kuogopa.

Muzazi aulize pia nani analala karibu na watoto ku interna, nani ana ufunguo, na mutoto akigonjwa saa sita ya usiku nani anamupeleka hospitali. Kama anavuka kwenda Zambia, atahitaji pasporti na ruhusa ya kusoma ya inchi ile, na muzazi apitie DGM mapema juu ya karatasi za mutoto anayesafiri. Kalendari nayo iko tofauti: kwetu mwaka wa shule unaanza mwezi wa tisa, lakini shule za Serikali ya Zambia zinaanza mwezi wa kwanza. Mutoto anaweza kukaa miezi nyumbani ao kuingia katikati ya mwaka.

Shule ngumu ambayo si ya kimataifa

Kuna njia ingine ambayo wazazi wanaisahau. Ku Lubumbashi, Collège Imara ya Wasalesiani na Lycée Tuendelee ya wasichana zinafwata programu ya Kongo, na hakuna anayesema ziko nyepesi. Mu Haut-Lomami vilevile, shule za Wakatoliki, Wamethodisti na Wapentekoste zimetoa watu waliofika mbali na diploma ya Serikali tu. Mutoto anayepata asilimia kubwa ku Egzetat, na anayesoma Kiingereza pembeni, anaweza kuomba nafasi ya iniversite inje akiwa amekomaa, na feza iliyochungwa ikamusaidia wakati ule.

Mwenye kuamua kupeleka mutoto, aanze kuulizia mwaka mumoja mbele, ao kwa uchache tangu mwezi wa kwanza, juu nafasi na mitihani ya kuingia havingoji mwezi wa tisa. Aende na bulteni mbili za mwisho, na aulize mu ofisi maneno haya mbele ya kutoa hata dola moja:

– Mutihani wa mwisho ni gani, na nani anausahihisha?
– Madarasa yenu yanafika wapi leo, hapana mwaka ujao?
– Namba ya senta, omologasio ao agreman iko wapi, naweza kuiona?
– Watoto wote wa mwaka uliopita walipata nini?
– Bei yote mpaka mwaka wa mwisho ni ngapi, pamoja na mitihani?
– Mutoto akiacha katikati, mutamupa karatasi gani?

Majibu ayaombe kwa maandiko, yenye kashe ya shule, na ayachunge pamoja na risiti.