Gokati ya Waya: Kielelezo cha Kwanza cha Fundi Anayeanza

Gokati ni gari dogo la mbio lenye magurudumu manne, lisilo na bodi ya kumfunika dereva, wala springi, wala shokapu, na ambalo karibu kila kiungo chake huonekana kwa macho, kuanzia mabomba ya chasisi yaliyolala sentimita chache juu ya lami hadi cheni inayotoka kwenye injini kwenda ekseli ya nyuma. Uwazi huo ndio unaoifanya ifae kuliko magari mengi kwa mtu anayetengeneza kielelezo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hakuna bati la kuficha kazi mbovu, na kila kinachoundwa kina sababu ya kuwapo.

Jijini Johannesburg ufundi unaohitajika ulikuwapo mitaani muda mrefu. Katika vitongoji vya Soweto na Alexandra, kama ilivyo katika miji mingi ya kusini mwa Afrika, watoto wa vizazi kadhaa wametengeneza magari ya waya, ambayo kwa Kiafrikana huitwa draadkarre, wakitumia hanga za nguo na mabaki ya uzio kwa umbo la gari, na makopo ya dawa ya viatu kwa magurudumu. Usukani wake ni duara la waya lililofungwa mwishoni mwa fito ndefu inayoshuka hadi ekseli ya mbele, hivyo mtoto huliendesha akiwa wima, akitembea au kukimbia nyuma yake, na gari hukata kona kwelikweli. Msomaji wa Tanga au Mombasa atayakumbuka magari ya jamii hiyo yenye magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala kuukuu. Huo ni uhandisi kamili, na ni kosa kuuita mchezo wa watoto maskini tu.

Gokati yenyewe ilizaliwa kwa njia inayofanana na hiyo, kwani Art Ingels, fundi wa magari ya mbio wa California, aliunda ya kwanza mwaka 1956 kwa mabomba ya chuma na injini ndogo ya mashine ya kukatia nyasi. Afrika Kusini nayo ina mapenzi ya siku nyingi na mbio za magari: uwanja wa Kyalami, ulio kati ya Johannesburg na Pretoria, ulifunguliwa mwaka 1961, na mwaka 1975 mzalendo Jody Scheckter alishinda hapo mashindano makuu ya nchi yake, miaka minne kabla ya kuwa bingwa wa dunia.

Uamuzi wa kwanza wa fundi ni skeli, yaani uwiano kati ya urefu wa kitu halisi na urefu wa kielelezo chake. Skeli ya 1:8, ambamo kila milimita 8 za gari huwa milimita 1 mezani, inafaa sana hapa, kwa sababu chasisi za gokati hutengenezwa mara nyingi kwa mabomba yenye kipenyo cha milimita 30 au 32, na waya wa uzio wa milimita 4, unaopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, hulingana moja kwa moja na bomba la milimita 32. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambao katika gokati nyingi za mashindano hukaribia milimita 1,040, huwa milimita 130, na upana wote, usiozidi milimita 1,400 katika gari halisi, hauzidi milimita 175.

Mchoro wa ukubwa uleule wa kielelezo huchorwa kwanza kwenye kadibodi, ukionyesha chasisi kama inavyotazamwa kutoka juu, kisha waya hukunjwa na kulazwa juu ya mchoro kila baada ya kona moja, ili kosa lirekebishwe kabla halijazaa jingine. Waya wa milimita 4 ni mgumu kwa mkono mtupu, kwa hiyo hubanwa kwenye jiliwa na kukunjwa taratibu kuzunguka kipande cha bomba, kwani gokati haina kona kali kama za herufi L. Viungo havihitaji kulehemu: waya mwembamba ambao waashi hufungia nondo huzungushwa mara kadhaa, ukakazwa kwa koleo, na gundi ya epoksi ikapakwa juu yake. Ncha zote zilizokatwa hupigwa tupa mpaka zisikwaruze kidole.

Kwa magurudumu, ndala inashinda kopo, kwa sababu tairi za gokati ni nene na hazina kashata. Tairi ya nyuma, yenye kipenyo cha milimita 280 hivi katika gari halisi, huwa milimita 35, na ya mbele huwa milimita 32. Soli yenye unene wa milimita 12 hadi 15 hutosha kwa tairi ya mbele, na mbili zilizogandishwa hutosha kwa ya nyuma, ambayo ni pana zaidi. Duara huchorwa kwa bikari, likakatwa kwa wembe, kisha likazungushwa juu ya msasa.

Sehemu inayostahili subira kubwa kuliko zote ni uhusiano wa ekseli ya nyuma na usukani. Gari la kawaida lina difu, yaani mfumo wa gia unaoruhusu gurudumu la nje ya kona kuzunguka haraka kuliko la ndani, lakini gokati haina. Magurudumu yake ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na hulazimika kuzunguka sawasawa. Ili iweze kupinda bila kuburura tairi, gokati huinua gurudumu la nyuma la upande wa ndani. Jambo hilo hufanywa na pini mbili za mbele, ambazo magurudumu hugeukia, kwa kuwa zimeinamishwa, ncha zao za juu zikielekea nyuma. Usukani unapogeuzwa, gurudumu la mbele la ndani husukumwa chini na la nje hupanda, na mzigo wa gari ukahamia kwenye gurudumu hilo la ndani na la nyuma lililo kinyume chake. Katika kielelezo, waya hukunjwa vitanzi viwili kila upande, kimoja juu ya kingine, na pini hupitishwa ndani yake kwa mwinamo wa takriban digrii 15. Kazi ikifanywa vizuri, kipande cha karatasi kilichowekwa chini ya gurudumu la nyuma la ndani hubanwa usukani ukiwa umenyooka, na huvutika kwa urahisi ukigeuzwa.

Kiti hukatwa kwenye bega la chupa ya plastiki na kuwekwa kidogo upande wa kushoto, kwa kuwa injini, ambayo hapa ni kipande cha mti kilichochongwa, hukaa kulia kwa dereva.

Anayeanza hutamani kuweka mota mapema, na hamu hiyo inafaa kuzuiwa. Urefu ukipungua mara 8, ujazo hupungua mara 512, lakini waya hauna uwazi ndani kama bomba, na mita moja ya waya wa milimita 4 ina uzito wa karibu gramu 100, kwa hiyo kielelezo huwa kizito na kigumu kuliko inavyopasa, na mota huongeza uzito huo bila kurekebisha lolote. Kigari kisukumwe kwanza kwa mkono kwenye sakafu tambarare. Kikienda upande, ekseli zipimwe upya kwa rula, kwani tofauti ya milimita 2 kati ya kulia na kushoto inatosha kukipotosha, na hakuna mota inayoweza kuitibu.